Nilivyokaza mkaja kuzuia mkojo nikapoteza solo ya mavuno

Wakuu, habari za saa hizi.

Nawaletea kisa changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wale wa "hii chai" karibuni, vikombe vipo. Wanaume msikimbie, mna wake na mama zenu.

Niko huku Malindi, Lushoto. Nalima kabichi na naimba kwaya ya kinamama usharikani. Solo ya sikukuu ya mavuno ilikuwa yangu miaka yote.

Nilipojifungua mtoto wa tatu mambo yakabadilika. Nikikohoa, tone. Nikicheka, tone. Nikishuka bondeni na tenga la kabichi kichwani, hayo siyo matone tena.

Na kwaya yetu siyo ya kusimama kama nguzo, kuna kuruka. Pambio moja tu mazoezini nikatoka mbio, nikisema nimeacha maharage jikoni.

Nikamwambia mama mkwe. Huyu ana maneno machache na yote ni ya mwisho. "Mama Neema, umezaa. Ulitaka ubaki msichana? Kaza mkaja."

Mkaja ni kile kitambaa cha kufunga tumbo baada ya uzazi. Ushauri bora kabisa. Nikakaza mpaka kupumua nikawa naomba ruhusa. Akili yangu ilisema gunia likifungwa vizuri halimwagi.

Nikavuja zaidi.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji hata usoni hakuniangalia. "UTI hiyo." Nchi hii hata ukijikwaa kidole ni UTI. Nikameza vidonge, mkojo ukaendelea na ratiba yake.

Nikaweka na ubunifu wangu, nikaacha kunywa maji. Matokeo yake choo kikawa kigumu kama kokoto, najikamua mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na mkojo? Upo palepale, sasa na harufu juu.

Mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye huruma sana, akatangaza mbele ya wote kwamba solo amepewa mwenzangu, "maana Mama Neema siku hizi ana mambo mengi". Mwenzangu huyo ana sauti ya geti lisilo na grisi, ila hatoki nje katikati ya wimbo.

Nililia, wakuu. Mkojo nilishauzoea. Iliyoniuma ni ile solo.

Ndipo nikaenda hospitali, nikapelekwa kwa dada wa fiziotherapia. Akaufungua kwanza mkaja, akauliza nani kanifunga kama mzigo wa kuni.

Akanieleza kwamba chini ya nyonga mwanamke ana misuli imetandazwa kama kitanda cha kamba. Juu yake vimelala kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mpana. Misuli hiyo hiyo husaidia kufunga njia ya mkojo na ya haja kubwa, na ubongo ukitoa ruhusa ndiyo inalegea. Mimba na uzazi huichosha.

"Sasa wewe unabana tumbo kutoka juu. Vilivyomo vinasukumwa wapi?"

"Chini."

"Haya."

Kujikamua chooni nako kunasukuma kitanda hicho hicho. Na mkojo uliokolea unakisumbua kibofu, kinaita kila saa. Yaani kila nilichofanya kujitibu ndicho kilichoniharibu. Hongera kwangu.

Dawa yenyewe: kaza kama unazuia ushuzi kanisani, shikilia kidogo, legeza kabisa, rudia. Kila siku. Kunywa maji. Kabla ya kukohoa au kuinua mzigo, kaza kwanza.

Miezi ikapita. Nafanya nikimenya viazi, nafanya mchungaji akihubiri, nani atajua. Mavuno yaliyofuata solo ikarudi kwangu. Nikaimba, nikaruka, pakavu.

Sasa mama mkwe. Tangu niolewe anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kila mwaka binti yake anamwita Tanga, anakataa kupanda basi, eti jua la kule halimfai. Sisi wote tulijua ni kiburi.

Jioni ile ya mavuno akanifuata jikoni, akarudishia mlango. Akaniuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hayo mazoezi yako, mtu aliyezaa zamani yanamfaa?"

"Yanafaa, mama."

Akakaa kwenye kigoda. Nilipofika kwenye ushuzi wa kanisani akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akabana magoti. Mimi nikageukia sufuria.

Ningemcheka, maana alistahili. Badala yake nikarudia zoezi toka mwanzo, polepole.

Funzo: ni kweli wengi tunavuja, lakini hiyo siyo sababu ya kunyamaza mpaka uzeeni. Nendeni hospitali, na msijifunge kama gunia.

Wenye uzoefu shukeni nao hapa chini, na wenye UTI yenu pia karibuni.

Mama mkwe yuko Tanga wiki hii. Asubuhi kapiga simu kulalamika kwamba jua ni kali kweli.