Shemeji Kinoo na Kisu Kisichokata

Ukimtafuta shemeji yangu usiulize jina lake, hata mkewe anaweza kusita kidogo. Uliza Kinoo, kama lile jiwe lake la kunolea. Duka lake liko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, katikati ya fundi cherehani na mchonga funguo, na ukiwa mrefu na mwenye umbo zuri kama mimi, unaingia umeinama kama unaomba msamaha. Mle ndani ananoa mikasi, mapanga, visu vya bucha. Kila akimaliza anapima makali kwa kunyoa malaika ya mkono wa kushoto. Miaka ishirini na sita hiyo. Mkono wa kushoto unang'aa kama yai. Wa kulia una manyoya utadhani kaazima kwa mtu.

Sasa binti yao wa mwisho, miaka kumi, akachaguliwa kwenda kambi ya watoto porini, siku tatu. Barua ikasema kila mtoto aje na kisu kidogo cha kukunja, cha kukatia kamba na kuchongea vijiti, na mzazi atie saini kwenye fomu iliyoambatanishwa. Mtoto alishafunga begi tangu wiki mbili nyuma, na analala sebuleni chini ya meza, shuka zimening'inia pembeni, eti hema. Dada yangu, yaani mama yake, akaisoma ile barua mara mbili.

"Nitatia saini," akasema, "baba yako akiniletea kisu kisichokata."

Hiyo ni Alhamisi. Basi linaondoka Jumamosi asubuhi.

Kinoo akafunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake. Akarudi nyumbani na visu vinne na karoti moja nene. Mimi niliitwa kama mtaalamu. Wangemwita nani mwingine?

"Mtoto porini ana baridi, kalowa, na ana usingizi," Kinoo akasema. Akatumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya barafu na sabuni, akafumba macho, akaniambia nimpigie kelele sikioni, ndivyo kambi ilivyo. Nikapiga. Majirani wakaja, wakaona, wakarudi kwao bila kuuliza.

Kisu cha kwanza kilikuwa na vifaa kumi na tano. Kabla ya kufikia ubapa alishafungua msumeno, kibanio, na kitu ambacho mpaka leo hatukijui. "Anakwenda kambini huyu, hafungui karakana," akakiweka kando. Cha pili hakina kizuizi, ubapa unajikunja wenyewe. Akaweka karoti pale kidole kinapokaa, akabonyeza. Karoti ikawa mbili. Tukaiinamia kama waombolezaji, halafu mtoto akala kipande kilichoanguka. Cha tatu kina springi, kilifunguka chenyewe mfukoni mwa Kinoo, nacho tukakitoa mashindanoni huku yeye amesimama wima kama mlingoti.

Cha nne ndicho. Ubapa mmoja, mfupi kama upana wa kiganja cha mtoto. Ncha butu ya mviringo, mpini wenye mikwaruzo usioteleza, rangi ya chungwa ili kikidondoka kwenye majani kionekane. Kikifunguka, kizuizi kinaushika ubapa pale pale, klik. Karoti iliyobaki ilipona mara tisa.

"Kinakata?" dada akauliza.

"Kinakata."

"Basi hapana. Kakitoe makali."

Mtu aliyenoa miaka ishirini na sita ukimwambia atoe makali, ni kama kumwambia jogoo awike kimoyomoyo. Akakaa kwenye ngazi, akasugua kisu kwenye saruji. Mkono ukajilaza wenyewe ule mlalo wake wa kazi. Akapima: malaika machache yaliyobaki mkono wa kushoto, yote chini. Akasugua tena, kikazidi. Akahamia mkono wa kulia. Ijumaa jioni mikono yote miwili ilikuwa mayai, na kisu kingeweza kunyoa nzi.

"Shemeji," akasema, sauti imekwisha, "mtoto wangu haendi kwa sababu mimi sijui kuharibu."

"Kuharibu niachie mimi," nikamwambia. Dakika moja tu, kikawa butu kama kijiko. Kipaji hicho.

Dada akakipokea, akapitisha kidole, akatabasamu. Kalamu mkononi. Ila akataka kukijaribu kwanza, akavuta kamba ya begi. Hakikati. Akakandamiza. Hakikati. Akakandamiza kwa mwili mzima, kisu kikateleza, kikapita juu ya meza, kikatua kwenye goti langu. Suruali yangu ya harusini ikafunguka mdomo.

Mtoto akatoka chini ya meza.

"Mama, kisu butu ndicho kinachotoroka, kwa sababu unakisukuma," akasema. "Mpe baba."

Kinoo akakipitisha kwenye jiwe mara sita. Mtoto akaketi, akanyoosha mkono na kuuzungusha kuhakikisha hakuna mtu karibu, akakata kamba kuelekea mbali na mwili wake, bila kutumia nguvu. Akabana kizuizi, akakunja. Dada akavuta fomu, akatia saini.

Chini pana sehemu ya maelezo mengine ya mzazi. Akaandika kwa herufi kubwa, na Jumamosi kiongozi wa kambi akayasoma kwa sauti mlangoni mwa basi: mtoto anaruhusiwa kutumia kisu, mjomba wake asiruhusiwe kukisogelea.