Binti Yangu Tumemzika, Picha Zake Bado Zinauza Dawa

Admin, naomba unifichie jina, maana huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi na mume wangu Masukulu, Rungwe. Tunalima ndizi na chai kidogo. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, wa kike. Nitamwita Tusekile, si jina lake.

Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi saluni, Tukuyu mjini. Huko ndiko alikoanza mambo ya selfi. Akija nyumbani anajipiga picha kwenye shamba la chai, ukungu uko nyuma yake, anaposti. Watu wakampenda. Baadaye dada mmoja wa Mbeya anayeuza dawa za kuongeza shepu akamwandikia, akawa anamtumia makopo ya bure ili apige nayo picha. Tuse alifurahi mno. Akipita sokoni mabinti wanamwita kwa jina. Ila wapo waliomwandikia kuwa amekonda, umbo lenyewe hana, anatangaza nini? Maneno hayo alikuwa anayarudia rudia kuyasoma. Ndipo akaanza kuzimeza kweli zile dawa.

Akavimba uso na miguu. Picha mpya akaacha kupiga, akawa anatoa za zamani, na watu wanamsifu vilevile. Tulipomfikisha hospitali daktari alisema figo zimeharibika, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikajibu hatumii kitu. Sikuwa najua. Hakukaa sana wodini, akatutoka. Mpaka leo hakuna aliyenithibitishia kwamba ni dawa zile.

Tukiwa bado matangani niliona ukurasa wa yule dada umeweka picha ya Tuse anacheka, ameshika kopo, chini wameandika mzigo mpya umeingia. Nikampigia. Alinipa pole kwa upole kabisa, kisha akasema, "Mama, hizo picha tulikubaliana na marehemu mwenyewe, na ndizo wateja wanazozipenda." Nikamsihi, akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Simu ya Tuse tunayo. Nikaandika kwenye akaunti yake kwamba mimi ni mama yake, mwenye picha hizi amefariki. Wakacheka. Wakasema ni Tuse mwenyewe anatafuta kiki. Wengine wakauliza dawa zinapatikana wapi.

Juzijuzi akaja binti kutoka Suma ambaye hakuwa na habari za msiba. Alinisalimia kwa adabu, akasema anamtafuta dada Tuse amwelekeze namna ya kunywa dawa, ameshanunua. Nikamwonyesha kaburi pale kwenye migomba. Akaniangalia kama namdanganya.

"Lakini mama, si jana tu wameposti picha yake?"

Nilimwomba aniachie lile kopo. Akasema amelipata kwa shida, akaondoka nalo.

Mwalimu mmoja wa shule ya hapa kijijini, mwenyeji wa Dodoma, amesema atanisaidia kuomba picha zote ziondolewe mtandaoni, ila kinahitajika cheti cha kifo. Nimekitafuta, hakipo. Mume wangu amekificha. Yeye ndiye anayekaa na simu ya Tuse. Asubuhi kabla ya kwenda shamba anakaa barazani, anafungua ukurasa wa yule dada, na ikitoka picha ambayo hatujawahi kuiona ananiita nije nimwone mwanangu, leo kavaa gauni la njano. Nilimwambia picha hizo zinaweza kuwaponza watoto wa wenzetu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Tuse, niachie. Sina mahali pengine pa kumwona."

Tangu hapo sijamgusia tena. Nikiziondoa, naogopa na yeye nitampoteza, maana hata kula sasa ni kwa kubembelezwa. Nikinyamaza, najua kila inapotoka picha kuna binti mahali anaagiza. Na yule dada hana dalili ya kuacha.

Jana imetoka nyingine. Mume wangu akaniita, na mimi niliyesema sitaki kuziona nikasogea, nikakaa karibu naye, tukaitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, msinitukane, nielekezeni. Mngekuwa mimi mngefanya nini?