Kabla ya Mwalimu Hapa Alikuwa Nani

Mwaka ule nyumba yangu ya Mapinga ilikuwa imefika kwenye lenta, nami nilikuwa nimechoshwa na nyumba za kupanga hadi kooni. Nilingoja mabati tu nihamie kwangu. Ndipo akaja mthibiti ubora wa shule, mtu mzima mpole kutoka mjini, akasema Maarifa ya Jamii hayafundishwi tena kwa kukaririsha. Watoto waulize, wachunguze, wagundue wenyewe. Angerudi wiki ijayo kuona.

Haya. Nikawapa darasa la tano swali moja tu: kabla ya huyu anayeishi hapa, alikuwepo nani? Nikawatuma mitaani wawili wawili, na adabu zao.

Wallahi, mtaa ulichafuka. Mtoto anapiga hodi, anaamkia shikamoo, anaitikiwa marahaba, kisha anauliza, "Kabla yako hapa alikuwa nani?" Sasa Mapinga hii, ambako kiwanja kinauzwa asubuhi na jioni kinauzwa tena, hilo si swali la kumuuliza mtu na heshima zake. Wakadhani watoto wametumwa na watu wa ardhi. Kufika alasiri jirani mmoja keshazungushia nyumba migomba, mwingine kaandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na rangi inachuruzika. Mama mmoja aliwanunulia wanafunzi wangu soda ili waandike kwamba kabla yake palikaa nyani. Wakaandika. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Siku ya ukaguzi mthibiti alikaa nyuma ya darasa. Msichana mmoja akabandika karatasi ya manila ubaoni, akasema kundi lao limechunguza kiwanja anachojenga mwalimu. Kabla ya mwalimu alikuwepo bibi mmoja wa Kikwere, akilima mihogo. Tukapiga makofi. Bibi alipofariki, akaendelea, mjukuu wake alikiuza kwa mwalimu, na kwa fundi seremala, na kwa baba mmoja wa mjini ambaye mjumbe wa mtaa anasema hajaja kukiona tangu anunue.

Hapo sikucheka. Nikaketi kwenye dawati katikati ya watoto.

Mthibiti akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kiwanja hicho kipo nyuma ya mashine ya kusaga?"

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia wote.

Akaandika alama za juu kabisa kwa somo langu, akaja kuinama kwenye dawati langu.

"Hongera sana, mwalimu," akaninong'oneza kwa upole uleule. "Vyumba vimetoka vingapi?"