Maua Meupe Yaliyoandikwa Kahawia

Nikinusa gazeti lililolowa, najiona tena katika chumba cha kukaushia mimea, huko milimani Usambara, likizo yangu ya darasa la nne. Mvua za vuli zilikuwa hazikatiki. Nyumbani kwetu ni Mabawa, mjini Tanga, lakini mama alikuwa ameajiriwa kule: kubana majani na maua kati ya magazeti, kuyakausha juu ya jiko la mafuta ya taa, kisha kuyabandika kwenye karatasi ngumu ili yahifadhiwe miaka na miaka. Likizo hiyo nilimfuata.

Kulikuwa na kichaka kimoja ambacho mtafiti mgeni alikitaka kikiwa kimechanua. Mara mbili tulipanda naye msituni, tukarudi na ruba miguuni na majani matupu. Mara ya tatu alishikwa na homa, tukaenda wawili, mama na mimi. Mimi ndiye niliyekiona: maua meupe pe, madogo, yakinukia kama kikuba cha bibi harusi. Mama alinibeba mgongoni kwa furaha, ingawa nilishakuwa mzito.

Mgeni alipopona, maua yalikwisha kauka. Alikaa mezani, akaandika kwenye kibandiko: maua ya kahawia.

“Bwana, yalikuwa meupe,” mama alimwambia. “Moto ndio umeyageuza.”

“Mama, mimi naandika ninachokiona.”

“Na mimi niliona. Mwanangu pia aliona.”

Mgeni akatabasamu tu, akamsogezea gundi. Mama akabandika. Nililia kwa hasira hadi akaninyamazisha: “Acha, mwanangu. La kuvunda halina ubani.”

Mwaka jana niliikuta karatasi ile mtandaoni, imepigwa picha safi kabisa. Kahawia. Nimewaandikia wahifadhi wake barua pepe nne, na kila mara wananijibu kwa adabu: leta ua bichi, au hata picha yake. Tumepanda tena mlimani, mama akiegemea bega langu. Pale mahali sasa ni shamba la iliki, na vichaka vichache vilivyosalia pembezoni havikuwa na ua hata moja. Siku zile tulikuwa na maua mkononi na hatukuwa na wa kutusikiliza; leo wa kutusikiliza wapo, sisi ndio mikono mitupu.

“Waache waandike watakavyo,” mama aliniambia juzi. “Unajichosha.”

Kweli najichosha. Barua ya tano nimeianza asubuhi hii.