Kanzu Nyekundu ya Alunguli

Tulipomfukuza mtawala wetu, kanzu yake nyekundu tuliichoma moto uwanjani, na mimi mwenyewe nilichochea kuni. Alivikwa kanzu ile na Waungwana, matajiri wa bunduki na pembe waliokaa ng'ambo ya mto, Kindu. Tangu aivae alikuwa akiwapa Waungwana hao vijana wetu wabebe mizigo yao, na wengi hawakurudi. Basi sisi wa Alunguli tukaapa kwamba hakuna tena mmoja wa kutusemea. Tutasema wote.

Kuapa ni rahisi. Haukupita muda, Waungwana wakatufungia ng'ambo yao. Chumvi ikaadimika, wanawake wetu wakarudishwa na vikapu vyao kutoka sokoni. Chumvi ningeivumilia. Lakini binti yangu aliolewa Kindu, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake, mikononi mwake. Kila asubuhi nilikwenda mtoni, nikatazama moshi wa majiko yao, nikarudi nimenuna.

Wanaume wetu walikwenda kupatana. Kwa sababu ya kile kiapo, walikwenda wote, mitumbwi kwa mitumbwi, na ngoma ya heshima juu yake. Mnyapara wa Waungwana akawauliza kutoka ukingoni, "Mukubwa wenu njo nani?"

"Hatuna mukubwa," wakajibu kwa fahari. "Sisi wote njo wakubwa."

Yule hakujua kuzungumza na watu wote. Akadhani wamekuja kupigana, bunduki zikapigwa hewani, wengine wakaruka majini, wakarudi wameloa. Jioni wakagombana ni nani aliyejibu vibaya. Walinichosha kabisa. Niliwaambia wampeleke mmoja, hata kwa uongo, kwa siku moja tu. Wakasema nataka kurudisha yale yale.

Kisha muuza samaki mmoja aliyevuka kwa kujificha akaniambia kwamba binti yangu amevimba miguu, hawezi kusimama. Nikachukua mtumbwi wa marehemu mume wangu, nikapiga kafi peke yangu mchana kweupe.

Mnyapara akaniuliza swali lile lile.

"Mukubwa wao njo mimi," nikasema. "Nimekuja kumubeba mutoto wangu. Tumbo yake iko karibu."

Alicheka mpaka akaketi. Nadhani aliifurahia mapema aibu itakayotupata kwa kuongozwa na mwanamke. Akaagiza kanzu nyekundu, akanivika juu ya nguo zangu, akasema soko liko wazi tangu leo. Kanzu ilinifika vidole vya miguu na ilinuka sanduku. Mkwe wangu akamshika mkewe mkono mpaka mtumbwini.

Katikati ya mto nilitamani kuivua na kuitupa. Nilishindwa, maana mnyapara alikuwa bado amesimama ukingoni akitutazama, na soko lenyewe lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya kanzu hiyo. Nilikasirika, nikawakasirikia wote, wa kule na wa kwetu.

Watu wetu walikuwa wamejaa ukingoni. Walikuwa wameniona tangu mbali, kwa kuwa nyekundu haifichiki. Kwetu mtumbwi wenye mjamzito huvutwa na yeyote aliye karibu, hata kama mna ugomvi. Hakuna aliyeingia majini.

"Mama, sababu gani hawavute mutumbwi?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia maji ni ya magotini, ashuke polepole, anishike kanzu asianguke.