Parachichi, Malewa na Uso wa Bibi Harusi

Kwetu, binti wa kaka yako ni kazi yako. Shangazi ndiye anayemwandaa kabla ya ndoa: anamlisha, anamsugua, anamwambia yale ambayo mama yake hawezi kuyasema bila kuona haya. Na siku ya utambulisho, wakwe wanapojaa chini ya mahema, shangazi ndiye anayepita kati yao na kumtoa bwana harusi mbele ya watu. Bila yeye sherehe haiendi. Wifi yangu alilisahau hilo, ikabidi nimkumbushe.

Wifi ni Msoga, mke wa kaka yangu, na wanakaa Jinja. Mimi nakaa Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Mimi na kaka tulikulia Jinja katika nyumba za askari wa magereza, maana baba yetu, Mgisu wa mlima Wanale, alivaa sare ile mpaka alipostaafu. Ndiyo sababu Kiswahili ndicho tunachozungumza nyumbani. Wapo wanaotuambia kwamba hiyo ni lugha ya bunduki, ya askari tu. Mimi nilibembelezwa nayo, basi na waniache.

Mwaka jana, mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nilikwenda Jinja kumwona binti yetu aliyekuwa amepata mchumba. Nilimkuta sebuleni, amejifunika kitenge mpaka kwenye macho, mchana kweupe, na jua kali nje. Nikakivuta. Mashavu yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeinamia mvuke wa sufuria, paji la uso limepauka, na chini ya macho kulikuwa na mabaka meusi. Vidole vyake vilikuwa na rangi ileile aliyozaliwa nayo. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni.

"Wifi, umempaka nini huyu mtoto?"

"Ni kitu ya kusafisha uso tu," wifi akajibu. "Wewe hujui watu ya Buwenge. Wao wanaangalia sana."

"Kusafisha? Kwani alikuwa mchafu?"

Kisa chenyewe kikatoka kidogo kidogo. Mama wa mchumba, mfanyabiashara wa Buwenge, alikuja kuwatembelea, akala, akashiba, kisha akasema huku akicheka kwamba msichana ni mzuri ila picha za harusi zitakuwa na giza. Wifi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitafuta krimu kali, ile isiyo na maandishi ya maana kwenye kopo, akawa anampaka binti yake kila jioni. Nilipomfokea alianza kulia.

"Mimi, tangu shule, waliniweka nyuma kwa kila picha. Walisema naharibu. Sitaki mtoto wangu akae nyuma."

Nilimhurumia, sikatai. Lakini huruma haikunizuia kulitumbukiza kopo lile chooni na kumwambia binti afunge nguo zake.

"Utambulisho iko mwezi ya kumi na mbili!" wifi akapiga kelele.

"Najua. Ndiyo maana namchukua leo."

Tulipofika Mbale nilimpeleka kwanza kwa muuguzi wa zahanati ya mtaani. Akamtazama, akasikitika, akasema: usoni maji safi na mafuta yasiyo na harufu, kofia akitoka juani, na subira ya miezi, si ya wiki. Akatuonya tusiguse limau. Hapo nataka kusema neno kwa wale wanaojaza simu zetu na mapishi ya urembo: limau usoni, magadi usoni, sukari usoni, na utang'aa kabla ya Jumapili. Limau linaunguza. Mahali pake ni kwenye chai, au juu ya samaki. Mtu akikuahidi rangi mpya kutoka jikoni kwako ni ndugu yake yule aliyeuza krimu, wametofautiana kopo tu.

Basi nikaanza na chakula, maana mtoto alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Nilimpikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi. Unayaosha, unayaloweka usiku kucha, unayachemsha na magadi kidogo mpaka yalainike, kisha unamwaga maji yale yote. Halafu unakoroga karanga zilizosagwa, unayatia malewa humo, unarudisha jikoni kwa moto mdogo, na husogei hapo, kwa sababu karanga hushika chini ukigeuza shingo tu. Tulikula na ndizi za kupondwa. Siku nyingine ilikuwa mchicha wa shambani Wanale, uliochumwa asubuhi na kupikwa kabla haujanyauka. Mama mmoja Mhindi, jirani wa kaka kule Jinja, alituma manjano mabichi kututakia heri, akasema kwao bibi harusi hupakwa. Nilimshukuru kwa moyo, nikayatia yote kwenye mchuzi wa samaki. Uso ule ulikuwa umepakwa vya kutosha.

Mwili uliobaki ulikuwa kazi yangu. Maparachichi yalikuwa yameiva uani, yanadondoka juu ya mabati kwa kishindo, na yale yaliyopondeka yasiyofaa mezani ndiyo tuliyoyatumia. Unaponda kwa uma, unatia asali kijiko kimoja, unapaka mikono, shingo na miguu, unakaa mpaka chai ichemke, unaosha kwa maji ya uvuguvugu. Makapi ya kahawa, baada ya kuinywa, tuliyachanganya na mafuta ya simsim, tukasugua visigino na viwiko. Tuliketi uani tukinuka kama duka la vyakula, tukacheka. Nikamweleza mambo ya ndoa, naye akanieleza mengine ambayo mimi sikuyajua, nikajifanya nayajua.

Lakini uso uliharibika zaidi kabla ya kutengemaa. Yale mabaka yalikolea, yakashuka mpaka kwenye taya. Alikuwa akijitazama kwenye kioo cha simu, anaizima, anaiwasha tena. Wifi alipiga simu kila siku.

"Umeona? Mimi nilikuwa nimemfanya mzuri. Wewe unarudisha giza!"

"Ninarudisha mtoto," nikamjibu, nikakata.

Sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: parachichi halikumponya uso. Uliopona ni mwili, na usingizi, na mdomo wake uliokuwa umesahau kubishana. Uso ulihitaji muda, na muda ulituishia. Siku ya utambulisho ilipofika, mabaka yalikuwa palepale, hafifu kidogo kingoni, basi.

Asubuhi hiyo nyumbani kwa kaka, Jinja, wifi alikuwa amemwita mpambaji aliyekuja na sanduku la poda. Poda aliyoifungua ilikuwa nyeupe kuliko mpambaji mwenyewe. Nje ngoma zilikwisha anza, na wageni wa Buwenge walikuwa wanaketi.

"Poda hiyo ikimgusa," nikasema, "mtafuteni shangazi mwingine wa kumtoa bwana harusi. Mimi napanda gari narudi Mbale."

"Unataka kunitia aibu mbele ya watu!"

"Aibu uliileta wewe kwa kopo."

Tuliendelea hivyo, sauti juu ya sauti. Mimi nami nilikuwa na bakuli langu mkononi, mafuta ya simsim niliyoyapasha moto, maana nilikwisha amua atatoka aking'aa kwa namna yangu. Nikamsogelea na vidole vimelowa. Binti akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, ila hakukiachia.

"Hata wewe, shangazi, wacha. Hii uso ni yangu."

Akanawa kwa maji matupu. Akajifuta kwa kanga, akavaa gomesi lake, lile gauni refu la sherehe lenye mabega yaliyochongoka, akafunga mshipi mwenyewe. Mimi na wifi tukabaki tumesimama, yeye na poda, mimi na mafuta. Niliona uchungu, nisiseme uongo, uchungu wa mtu aliyenyang'anywa kazi yake. Kisha nikaanza kucheka, na wifi akanitazama kama kichaa.

Nilitoka, nikapita kati ya wageni, nikamshika bwana harusi mkono na kumsimamisha mbele, vigelegele vikapigwa. Ndipo binti yetu akatoka nyumbani na uso wake wote, mwekundu hapa, mweusi pale. Vigelegele vikapungua. Mama wa Buwenge akaniinamia.

"Senga," akanong'ona, akiniita shangazi kwa lugha yao, "nini iliharibu uso ya mtoto?"

Sikunong'ona. "Sisi, mama. Wewe na sisi."

Kwetu bibi harusi hupiga magoti mbele ya wakwe akiwa ameinamisha macho. Yule wetu alipiga magoti kwa adabu zote, taratibu, kisha akauinua uso na kuwapitia macho mmoja mmoja kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho, na walioinamisha macho walikuwa wao.