Siku Niliyolipita Jeneza

Dereva wa bodaboda akionekana anakimbia kwa miguu, kila mtu anataka kujua pikipiki kaipeleka wapi. "Imekufa?" "Umenyang'anywa?" "Au umefumaniwa, kaka?" Kila Jumapili nilisikia hayo tangu natoka nyumbani mpaka narudi, nami nikicheka nao, maana walikuwa watu wangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, kitambi, na mgongo uliopinda kwa kukaa kwenye pikipiki. Nikajiandikisha mbio za Dar es Salaam, zile ndefu, kilomita arobaini na mbili. Si kwa ajili ya afya. Kwa ajili ya baba. Baba alishasema mbele ya wageni, mke wangu anasikia, kwamba mimi kazi yangu kuanza tu. Shule niliiacha kidato cha pili, useremala nikauacha, shamba la ufuta nikaliacha mpaka magugu yakalimeza. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma. Nikaapa hii moja nitaimaliza, na medali nitamwekea baba mkononi.

Asiyewahi kukimbia kilomita thelathini peke yake kwenye vumbi la kuelekea Mitole asinihadithie uchovu. Kumi za kwanza ni maneno tu. Ukivuka ishirini, mate yanakuwa kama ugali, magoti yanawaka, na kichwa kinaanza kukubembeleza: si utembee kidogo, nani anakuona? Unajiambia nikifika mkorosho ule nitapumzika, ukiufika unajidanganya na mwingine. Mimi nilichojifunza ni kimoja, usisimame. Nikisimama tu, misuli inakaza na habari yangu imekwisha. Mara tatu nilirudishwa nyumbani na mwenzangu wa kijiweni, kanipakia nyuma kama gunia la mihogo, kijiwe kizima kinapiga vigelegele. Hakuwahi kuninung'unikia hata siku moja.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya kilomita thelathini na mbili, safari ndefu kuliko zote kabla ya mbio. Niliswali alfajiri nikatoka, simu nikaiacha kwenye chaji. Saa nne kasoro nilikuwa narudi, zimebaki tano, jua limeshachachamaa, na nilikuwa bado nakimbia. Kukimbia kweli, si kujikokota. Ndipo nikawaona wanaume wanaingia barabarani na jeneza, na mbele yao yule mwenzangu, macho mekundu. Mama yake alikuwa mgonjwa muda mrefu. Sikuhitaji kuambiwa.

Kwetu hakuna mwanamume anayelipita jeneza. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye gari anazima. Unaingiza bega, unampokea aliyetangulia, unabeba hatua ishirini, na wewe unapokewa. Hata kama maiti humjui. Na mimi huyu nilimjua, nimekula kwake.

Nikashuka majanini, nikaweka mkono kifuani, nikapita. Nilisikia dhikri inakatika kidogo nyuma yangu, kisha ikaendelea.

Baadaye nilijitetea kwamba nilivaa bukta, magoti wazi, ningebebaje maiti hivyo? Uongo mtupu! Wala sikuikumbuka bukta. Nilikumbuka kilomita tano. Nikazimaliza zote, na nilipofika uani nilicheka peke yangu kwa furaha, mjinga mimi.

Habari ilimfikia baba sijaoga bado.

"Umelipita jeneza?" akaniuliza.

"Baba, nilibakiza kidogo tu nimalize."

Baba akaomba bakora yake, akaenda mwenyewe, na miguu yake iliyovimba kwa maradhi, kuniombea radhi kwa wafiwa. Nilimwambia nimpeleke kwa pikipiki, akakataa. Mimi nilikwenda jioni. Wakanikaribisha, wakanimiminia kahawa, wakasema yameisha. Yameisha! Nikifika kijiweni mazungumzo yanapoa, na Jumapili zikawa kimya, nakimbia barabara nzima hakuna anayenitania. Nilijifariji kwamba nikirudi na medali mambo yatakaa sawa, baba kwanza, wengine baadaye.

Baba alifariki zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mbio. Aliamka, akaomba maji, yakamshinda kumeza. Inna lillahi.

Watu walikuja, siwezi kuwasingizia. Walichimba kaburi, walichanga mchele, walikesha. Wakati wa kutoka nikaingiza bega mbele, upande wa kulia. Makaburi yetu yako ng'ambo ya shamba, njia ni mchanga na kilima juu yake. Tulipotembea kidogo, wa kushoto akapokewa. Wa nyuma wakapokewa. Nikangoja mkono wa mtu begani kwangu. Hatua ishirini, hatua mia, hakuna mkono.

Tulipoanza kilima mtani wetu akaja ubavuni kwangu. Mtani msibani kwetu ana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa akikasirika ndiye mkosaji. "Mwacheni jamani," akawaambia wenzake, "huyu ana pumzi! Mkimpokea miguu itamkaza." Wengine wakaguna, wengine wakacheka chinichini. Mwenzangu wa kijiweni alikuwa hapo hapo kushoto. Alimpokea aliyekuwa sambamba nami, akapokewa, akarudi nyuma akampokea mwingine. Kwangu hakugeuka. Jasho lilinijaa machoni, bega likafa ganzi, na mimi nikafanya nilivyozoea, nikachagua mti mbele nikaufikia, nikachagua mwingine.

Niliwachukia. Nawachukia mpaka leo, na zile mbio za Dar es Salaam sikwenda tena. Lakini nikilala siwafikirii wao. Nafikiri kwamba ningeyumba kidogo tu, mikono kumi ingenidaka, watu hawa nawajua, hata mtani angeacha maneno yake. Walikuwa wananingoja niseme. Na mimi miezi saba nilikuwa najifunza kubana meno na kutomwomba mtu kitu. "Nipokeeni," neno lenyewe ni hilo tu. Lilinijaa mdomoni kilima kizima. Nilimfikisha baba kaburini sijalisema.